Baridi Ufipa: Karabati jiko kabla ya kununua mkaa

SUMBAWANGA

MSIMU wa kipupwe ukikaribia, ipo bidhaa moja ambayo huanza kutoa fedha mifukoni mwa watu wa Sumbawanga bila kelele. Ni mkaa.

Mji huu upo juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti, joto la usiku huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Nyumba nyingi hazina mitambo ya kupasha joto kama ile ya Ulaya. Mtambo wa hapa ni jiko la mkaa: likishaivisha ugali na maharage, huingizwa sebuleni, familia ikaota moto.

Jiko linapofanya kazi mbili, mahitaji ya mkaa hupanda. Kwa muuzaji hiyo ni neema, kwa mnunuzi ni gharama. Lakini wote wawili wana jambo la kufanya mwezi Mei, kabla baridi haijakolea.

Hesabu ya ukarabati

Tuchukue mfano wa familia inayotumia mkaa wa Shs. 1,500/= kwa siku katika jiko la bati tupu. Kwa siku 92 za Juni, Julai na Agosti, itatumia Shs. 138,000/=. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani, likiwa zima, huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi. Theluthi ya fedha hizo ni Shs. 46,000/=. Linganisha na bei ya jiko jipya kwa fundi bati wa mtaani kwako, uone mtaji unarudi baada ya siku ngapi.

Faida hiyo hupotea jiko likichakaa. Udongo ukipasuka, joto huvujia kwenye bati badala ya kwenda kwenye sufuria. Matundu ya kitako yakiziba, hewa haipiti, moto huzubaa na mpishi huongeza mkaa usiohitajika. Kitako kikivunjika, mkaa unaowaka huanguka kwenye majivu na kupotea bure.

Hivyo, kagua mambo manne: udongo wa ndani, matundu, mlango wa hewa na miguu. Safisha majivu kila siku. Usimwagie maji jiko lenye moto, maana ndiyo njia ya haraka ya kupasua udongo. Jiko lenye miguu legelege lisiingizwe penye watoto.

Wafipa wa zamani waliijua siri ya hewa. Tanuru zao ndefu za kuyeyushia chuma, malungu, zilichoma mkaa kwa kuvuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto.

Kwa wafanyabiashara

Mvua za Rukwa huanza Novemba na kwisha karibu na Aprili. Wakati huo barabara za vijijini huwa mbaya na mkaa hulowa. Mei njia hukauka, na mavuno ya mahindi huanza kuleta fedha mikononi mwa wakulima. Mwenye akiba kavu mwezi huo huingia Juni akiwa na nafasi nzuri. Vibali vya misitu na hati za kusafirishia ziwe kamili; shehena ikikamatwa, faida ya msimu mzima imekwenda.

Mwenye mtaji mdogo asiukimbilie mkaa peke yake. Vipuri vya udongo, kazi ya ufundi, mablanketi na makoti ya mitumba navyo ni biashara ya kipupwe.

Tahadhari

Hapa hatuzungumzii fedha tena. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini, na jiko zuri haliiondoi hatari hiyo. Washa jiko nje hadi mkaa uwe mwekundu, acha mlango na dirisha wazi mkiota moto, na litoe nje kabla ya kulala. Kazi ya usiku ni ya blanketi. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoeni nje mara moja na kumpeleka hospitali. Muuzaji amweleze hivyo kila mteja. Maneno hayo hayapunguzi faida.

Kwa mwekezaji wa muda mrefu, Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa hiyo, fedha za kufunga kwa miaka mingi zisiwekwe zote kwenye magunia. Lakini kipupwe hakisubiri 2034. Peleka jiko kwa fundi mwezi Mei, kabla foleni haijawa ndefu.