Kanyaruchinya: kabla ya kununua pistoni mpya, moteri ipimwe kwanza

Barabara ya kitaifa namba 2, ikitoka Goma kuelekea Rutshuru, inaanza kupanda kabla hata hujamaliza kuuacha mji. Ni hapa Kanyaruchinya, chini ya volkano Nyiragongo, ambapo shofere anarudisha vitesi, moshi mweusi unatoka nyuma, na abiria wanaanza kuangaliana. Jioni mwenye gari anapigiwa simu: moteri imechoka, inaomba pistoni mpya, na pengine turbo ili ipande vizuri.

Hapo ndipo dola nyingi zinapotea, mara nyingi bure.

Goma iko kwenye urefu wa metre karibu 1500 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila metre 1000. Chukua jipe Land Cruiser yenye moteri 1HZ, ile ya silinda sita na litre 4,2 ambayo mashirika mengi ya misaada yameitumia katika Kivu ya Kaskazini. Kiwandani inapewa nguvu za farasi karibu 130. Hapa kwetu, hata ikiwa mpya kabisa, inabaki na kama 110. Hiyo si ugonjwa. Ukiweka pistoni mpya, zile farasi 20 hazitarudi, kwa sababu hazikuibiwa na pistoni.

Ugonjwa wa kweli upo pia, na sisi tunaujua vizuri. Lava ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 iliikata barabara hii hii, na mavumbi ya mawe ya volkano ni makali kama msasa. Filtre ya hewa ikipasuka, au ikipulizwa na kurudishwa mara kumi badala ya kubadilishwa, mavumbi yanaingia na kukwangua silinda pamoja na zile pete za pistoni ambazo mafundi huita segma. Moshi wa bluu unasema kwamba moteri inakunywa mafuta yake yenyewe. Moshi mweusi ni kitu kingine: mazutu ni mengi kuliko hewa. Mara nyingi dawa yake ni filtre, ao pompe ya mazutu na enjekta kurekebishwa, kazi isiyohitaji kufungua moteri.

Kwa hiyo fundi mzuri anaanza na kupima kompresyo, silinda moja moja. Kama silinda moja iko chini sana kuliko zingine, sasa mna sababu ya kufungua.

Moteri ikishafunguliwa, mwenye gari abaki pale garajini, hata kama anaogopa kuchafua shati. Silinda inapimwa juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili, kwa sababu haiishi sawasawa. Inageuka kama yai. Kidole hakioni tofauti hiyo. Kipimo hicho ndicho kinachosema kama segma mpya zinatosha, ama silinda ichongwe na kupewa pistoni kubwa zaidi, kwa mfano ya nusu milimetre. Na pistoni hizo zifike mkononi kwanza, ndipo mashine ichonge silinda kwa kuzifuata. Wengi wanafanya kinyume: wananunua piesi dukani asubuhi kwa kukisia, na mchana fundi analazimika kuziingiza hivyo hivyo.

Tuje kwenye turbo, maana hiyo ndiyo tamaa ya vijana. Ni kweli turbo inarudisha hewa ambayo mlima umetunyima. Lakini 1HZ haikuzaliwa nayo. Kompresyo yake ni zaidi ya 22 kwa 1, wakati ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo, iko kati ya 18 na 19 kwa 1 na pistoni zake zilitengenezwa kwa joto hilo. Ukiifunga turbo kwenye 1HZ na kuongeza mazutu bila kupima joto la moshi, pistoni inaweza kupasuka mlimani, na gari imejaa watu. Fundi asiyekuwa na kipimo cha joto hilo, kwa maoni yangu, asiguse kazi hiyo.

Tangu mabenki ya Goma yafungwe mwanzoni mwa 2025, wengi wanalipa pesa mkononi. Basi andikeni karatasi: vipimo vya kila silinda, ukubwa wa pistoni, nani anachonga. Piesi za zamani zirudishwe kwa mwenyewe. Uliza pia kama fundi anakaza vise za kulasi kwa ufunguo wenye kipimo au kwa nguvu za mkono tu. Vise hizo zikikazwa vibaya, maji yanaingia kwenye mafuta na kazi yote inaanza upya.

Baada ya hapo ni rodaji. Kwa kilometre 1000 za kwanza gari isibebe mzigo mzito, isikimbizwe, kisha mafuta ya moteri yamwagwe na kubadilishwa. Kwa shofere anayeishi kwa safari za kila siku, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote: moteri mpya iko ndani, na mlima wa Kibumba unamngojea na magunia juu.