Katuni ya Mama na Binti Yake

Akina mama, mtoto akitaka kwenda sinema hakatiwi tiketi moja. Anakwenda na mama, wadogo zake, pengine na shangazi. Hapo ndipo katuni zinazotengenezwa kwa kompyuta zinapovuna. Toy Story, filamu ndefu ya kwanza ya aina hiyo, ilitoka Marekani mwaka 1995 kwa gharama ya dola milioni 30 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 350.

Lakini je, ni nani anayezitunga? Brenda Chapman alibuni hadithi ya binti mkaidi na mama yake, akiichota katika maisha yake na binti yake mwenyewe. Mwaka 2010, kazi ikiwa katikati, studio ya Pixar ilimwondoa, ikamweka Mark Andrews. Filamu hiyo, Brave, ilitoka mwaka 2012 na kuingiza zaidi ya dola milioni 530. (Na wapo wasemao hadithi za wasichana haziuziki!) Ilipopata tuzo ya Oscar mwaka 2013, Chapman na Andrews waliipokea pamoja.

Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoka Frozen, iliyoongozwa na Jennifer Lee pamoja na Chris Buck. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2. Kabla ya Lee, hakuna mwanamke aliyekuwa ameongoza filamu iliyovuka bilioni moja.