FAHAMU: Kwa Nini Taarifa ya Hali ya Hewa Husikika Bila Kueleweka

Na Mwandishi Wetu

Kabla ya kila msimu wa mvua, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za Vuli au za Masika. Taarifa hiyo husomwa redioni, huchapishwa magazetini na kusambazwa kwa simu. Hata hivyo, mkulima akisikia kwamba zinatarajiwa mvua za juu ya wastani, na asijue wastani huo ni upi, taarifa itakuwa imefika sikioni bila kufika shambani.

Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa na wataalamu wa mawasiliano ya mabadiliko ya tabianchi, fani inayochunguza na kufundisha namna watu wanavyopokea, wanavyoelewa na wanavyotumia taarifa za sayansi hiyo. Umuhimu wake unatambuliwa kimataifa: Ibara ya 6 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992 inazitaka nchi wanachama kukuza elimu, mafunzo na uelewa wa umma.

Neno moja, tafsiri nyingi

Mwaka 2009, mwanasaikolojia David Budescu na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu lugha ya ripoti za Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC). Katika ripoti hizo, jambo lenye "uwezekano mkubwa sana" ni lile ambalo uwezekano wake unazidi asilimia 90. Wasomaji wengi walikadiria uwezekano mdogo kuliko huo. Makadirio yao yalikaribia zaidi maana iliyokusudiwa pale tarakimu zilipoandikwa sambamba na maneno.

Nani anasema?

Wataalamu hao wanazingatia pia msemaji. Mwaka 2010, kituo cha televisheni cha WLTX katika mji wa Columbia, jimbo la South Carolina, kilianza kurusha vipindi vifupi ambamo mtangazaji wake wa hali ya hewa, Jim Gandy, alieleza athari za mabadiliko ya tabianchi katika eneo hilohilo. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason, akiwamo Edward Maibach. Baada ya mwaka mmoja, watazamaji wa kituo hicho walionekana kuelewa suala hilo zaidi ya watazamaji wa vituo vingine vya eneo hilo. Somo lililopatikana ni kwamba ujumbe mfupi, unaorudiwa na mtu ambaye wananchi tayari wanamwamini, hueleweka.

Maana yake kwa mwananchi

Hapa nchini, TMA huendesha warsha za wanahabari kabla ya kutangaza mwelekeo wa msimu, ili istilahi za kitaalamu zifafanuliwe kabla hazijawafikia wananchi. Baadhi ya istilahi hizo ni muhimu kwa kila kaya.

"Wastani" ni kiwango cha mvua kinachopatikana kwa kukokotoa takwimu za miaka mingi za eneo husika. Kwa hiyo, mvua za wastani mkoani Dodoma si sawa na mvua za wastani mkoani Kagera.

"Mwelekeo" wa msimu huonesha uwezekano, si ahadi. Msimu wa mvua za chini ya wastani bado unaweza kuwa na siku chache za mvua kubwa zinazoleta mafuriko. Ndiyo maana taarifa za kila siku hazipaswi kupuuzwa.

Aidha, "angalizo", "tahadhari" na "tahadhari kubwa" ni ngazi tatu tofauti zinazopanda kwa uzito. Mvuvi anayezichukulia kuwa neno moja anaweza kuingia baharini siku ambayo chombo chake kilipaswa kubaki ufukweni.

Wananchi wanahimizwa kufuatilia taarifa rasmi za TMA na, pale istilahi isipoeleweka, kumuuliza ofisa ugani au kiongozi wa eneo lao kabla ya kupanda, kuvuna au kusafiri.