Sahani Mbili, Meli Moja

Umewahi kununiana na mwenzi wako kwa sababu ya chipsi kuku? Mimi nimewahi, tena katikati ya Ziwa Victoria, mahali ambapo huwezi hata kuteremka ukatembee kidogo hasira ishuke.

Ilikuwa safari yetu ya kwanza kwenda kwetu Kamachumu tukiwa mke na mume. Mume wangu kakulia Morogoro, ziwa kaliona ukubwani, na meli ya kulala alikuwa anaijua kwenye filamu tu. Kwa hiyo kichwani mwake tulikuwa tunakwenda honimuni: kitambaa cheupe mezani, mshumaa, mhudumu mwenye tai. Mimi niliyezaliwa na watu wa kule nilikuwa na hotipoti ya wali na samaki, chupa ya chai na ndizi mbivu kwenye mfuko. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Wenzetu wanakulaje?

Tuanze na hizo meli za kwenye filamu, maana ukweli ni kwamba wengi wetu tunazisikia tu. Kwenye meli kubwa za kitalii, nauli yako kwa kawaida inakuwa imeshabeba milo ya msingi. Kuna ukumbi mkuu wa chakula, ambako zamani ulipangiwa meza na saa yako, ukakaa na watu walewale mpaka safari iishe. Kuna sehemu ya kujipakulia mwenyewe, kuna kuletewa chumbani, halafu kuna migahawa maalumu ya nyama choma ya kizungu, ya Kijapani au ya Kiitaliano, ambako unaongeza hela. Vinywaji vikali na soda mara nyingi vinalipiwa mbali, na ada ya huduma inaingizwa kwenye bili yako kila siku.

Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilikuja na mtindo wa kula utakapo na saa utakayo, bila meza ya kudumu. Wengine wakafuata. Leo meli kama Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, ina sehemu zaidi ya 20 za kula na kunywa. Raha, sivyo? Lakini waulize waliokwenda na wapenzi wao. Mmoja anataka kuvaa akapendeze ukumbini, mwingine anataka kaptura na sahani ya kujazia. Sehemu zikiwa 20, na sababu za kuvutana zinaongezeka.

Sisi na Victoria yetu

Huku kwetu meli ni MV Victoria. Iliundwa Uskochi, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Enzi hizo ilikuwa ya reli na bandari za Afrika Mashariki, ikizunguka ziwa zima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ikabaki kwetu Tanzania. Ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, na mwaka 2020 ikarudi majini kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200.

Unaondoka Mwanza usiku, alfajiri unafika Kemondo, kisha Bukoba. Kwa hiyo unaposema "kula melini" kwetu, unazungumzia mlo mmoja mkubwa: chakula cha usiku. Na chaguo zako ni tatu. Kwanza, mgahawa wa melini, ambako unanunua chakula kama hoteli yoyote ya mjini. Pili, hotipoti yako. Tatu, kutokula kabisa, ukiogopa mawimbi.

Mume wangu akachagua mgahawa. Mimi nikafungua hotipoti.

"Yaani tumepanda meli, halafu tunakula kiporo cha nyumbani?"

"Si kiporo. Nimekipika saa tisa mchana."

Akaenda peke yake. Nikala peke yangu, samaki hana ladha. Aliporudi alikuwa amenibebea mapaja mawili ya kuku kwenye leso ya karatasi. Sikuyagusa. Si unajua tena wanawake tukiamua. Tukalala, kila mtu na ukuta wake.

Bibi anauliza swali moja

Alfajiri tukateremka Kemondo. Baridi, moshi wa kuni, watu wanaita majina ya vijiji. Mume wangu akaona supu na chapati, akaniangalia kwa jicho la kuomba suluhu. Nikakubali. Tukala tukashiba, tukacheka kidogo. Ndipo tukapanda gari, Muhutwe hiyo, tukaanza kukwea kwenda Kamachumu, migomba kulia, kahawa kushoto.

Bibi yangu alikuwa mlangoni. Hakuuliza safari ilikuwaje wala meli ilikuwa na watu wangapi. Aliuliza, "Mmekula?"

Mume wangu, kwa heshima zote, akajibu, "Tumeshiba, bibi. Asante sana."

Bibi akanyamaza. Akaingia jikoni, hakutoka. Chungu cha ndizi na maharage kilikuwa kimefunikwa na majani ya mgomba, kimewekwa motoni kabla hakujakucha. Shangazi ndiye aliyetuvuta pembeni.

Mei 1996, alisema, mdogo wake bibi alisafiri kwenda Mwanza. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka vilio tu. Jioni ile bibi alimfungia ndizi kwenye jani, akamwambia ale akiwa njiani. Akapanda meli Kemondo. Tarehe 21 asubuhi MV Bukoba ikazama ikiwa imekaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa, na wengi walizikwa Igoma. Wa kwetu hakupatikana.

"Tangu siku ile," shangazi akasema, "mtu akija na meli, mama yangu haamini mpaka amwone anakula."

Nilimtazama mume wangu. Hakusema neno. Akaenda jikoni, akaketi kwenye kigoda kifupi magoti yakamfika kidevuni, akasema, "Bibi, ile supu ilikuwa maji matupu. Nina njaa."

Alikula sahani mbili. Mimi moja na nusu. Bibi alikaa akituangalia mdomoni, tonge kwa tonge. Tulipomaliza akatuletea kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa ikiwa bado mbichi kisha ikakaushwa. Akachukua tunda moja, akalipasua. Ndani mna punje mbili, zimelaliana kifua kwa kifua. Zamani Wahaya walipofanya undugu wa damu, kila mmoja alikula punje moja ya tunda moja. Bibi akampa mume wangu moja, mimi moja. Basi, ugomvi wa chipsi kuku ukaishia pale.

Kabla hamjapanda

Mpenzi msomaji, iwe mnakwenda Bukoba, Kigoma au mmebahatika kupanda meli ya kitalii ughaibuni, zungumzeni haya mkiwa bado nchi kavu.

Bajeti. Ulizeni nauli imebeba nini na haijabeba nini. Mnaokwenda meli za kitalii, hesabuni vinywaji na ada ya huduma mapema, bili ya mwisho isiwagombanishe.

Tumbo. Ziwa Victoria likichafuka si mchezo. Kuleni kidogo, punguzeni mafuta na pombe, kunyweni chai ya tangawizi, na kaeni katikati ya meli, sehemu za chini, mtikisiko unakuwa afadhali.

Ndoto ya mwenzako. Kama kwake mgahawa ni sherehe, nenda naye, hata kama utaagiza soda tu. Na wewe mwenye kupenda mgahawa, onja hotipoti. Kuna mtu aliamka akapika.

Mnakofikia. Ulizeni nani anawasubiri, na amepika nini. Acheni nafasi tumboni.

Tulirudi Mwanza kwa meli ileile. Bibi alitufungia ndizi kwenye jani, mikono yake ikisita kidogo kwenye kamba. Usiku ule hatukwenda mgahawani. Tulikula kwa mkono, jani moja, watu wawili, na kabla meli haijatia nanga mume wangu alishampigia simu Kamachumu.

"Bibi," alisema, "tumekula."