Mbwa wa Mfugaji au wa Makao? Piga Hesabu ya Miezi Sita Kwanza

Anayetafuta mbwa Nairobi ana njia nne: mfugaji wa mbwa wa ukoo, muuzaji wa barabarani au wa mtandaoni, jirani ambaye mbwa wake amezaa, na makao ya wanyama waliookolewa. Wengi huanza kwa kuuliza bei, kumbe bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Mbwa huishi miaka 10 hadi 13, na miezi sita ya kwanza ndiyo inayokamua mfuko zaidi.

Kama pesa ni za kuhesabu na unataka mbwa wa kubweka langoni mwezi huu, chukua mbwa mzima kutoka makao. Nenda kwa mfugaji ikiwa tu una kazi maalumu inayohitaji mbwa wa ukoo fulani, na una akiba ya kumlipia daktari. Muuzaji wa kando ya barabara mwache kabisa.

Hesabu yenyewe

Hizi ni bei za mfano. Mpigie simu daktari wa mifugo aliye karibu nawe, uweke zake.

Tuseme mtoto wa mbwa wa ukoo anauzwa shilingi 25,000. Atahitaji chanjo tatu dhidi ya parvo na magonjwa mengine ya utotoni; kwa shilingi 2,000 kila moja, ni 6,000. Chanjo ya kichaa cha mbwa, 1,000. Dawa ya minyoo mara sita hadi afikishe miezi sita, 1,200. Kuhasi au kufunga kizazi, 10,000. Jumla ni 43,200, na bado hajala.

Mtoto wa mbwa wa jirani umepewa bure. Chanjo, dawa za minyoo na upasuaji ni vilevile: 18,200. Huyo ndiye mbwa wa bure.

Mbwa wa makao, tuseme mchango ni 6,000, na tayari amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo na amehasiwa. Kazi iliyobaki ni kumrudisha kwa chanjo ya kila mwaka.

Kwa hiyo mbwa wa makao anaweza kukugharimu theluthi moja tu ya yule wa bure. Ukimlinganisha na wa mfugaji, unabaki na shilingi 37,200. Mbwa wa kilo 15 hula takriban kilo 7 za chakula kikavu kwa mwezi. Kilo ikiwa shilingi 250, akiba hiyo inamlisha zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Kwa mfugaji: unalipia nini?

Mfugaji mzuri anakuuzia uhakika. Unajua mbwa atakuwa mkubwa kiasi gani, ana tabia gani, na wazazi wake ni nani. Kenya, hati za ukoo hushughulikiwa na East Africa Kennel Club. Ukiambiwa mbwa ana hati, ziandikwe jina lako siku unayolipa. Ahadi ya kuzileta baadaye usiilipie, kwa sababu mbwa asiye na hati hastahili bei ya mwenye hati.

Omba kumwona mama akiwa na watoto wake, pale wanapolala. Ukikuta banda chafu au mama aliyekonda, au ukiambiwa mkutane kwenye kituo cha mafuta, ondoka. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama kabla ya wiki nane. Kadi ya chanjo iwe na stika za dawa, tarehe, na muhuri wa daktari unayeweza kumpigia.

Kila ukoo una gharama zake zilizojificha. German Shepherd hukabiliwa na ugonjwa wa nyonga, hivyo uliza kama wazazi walipigwa eksirei. Rottweiler na Doberman wanajulikana kudhurika zaidi na parvo. Mbwa wa manyoya marefu anahitaji kuchanwa mara kwa mara, na kupe hujificha humo. Mbwa wa pua bapa huteseka kwenye joto. Mombasa si mahali pake.

Kisha kuna tumbo. Mbwa wa kilo 30 hula karibu gramu 400 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Unaweza kupika mwenyewe ugali wenye dagaa, mapafu au matumbo, na gharama ikashuka sana. Lakini ugali mtupu haumkuzi mbwa mchanga. Miguu yake itapinda, nawe utarudi kwa daktari.

Barabarani na mtandaoni: rahisi ghali

Kijibwa kinachouzwa kwenye kikapu kando ya barabara kuu huwa kimetenganishwa na mama mapema, kimechanganywa na vingine visivyojulikana vilikotoka, na kadi yake, kama ipo, haina wa kuithibitisha. Dalili za parvo kwa kawaida hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa. Maana yake unaweza kununua mbwa mchangamfu Jumamosi, na Jumatano ukamkuta anatapika na kuhara damu. Siku kadhaa za kutundikiwa maji zinaweza kupita bei uliyomnunulia, na wengi hufa hata hivyo. Watoto wa nyumbani wameshampa jina.

Hasara haiishii hapo. Virusi vya parvo hudumu udongoni kwa miezi mingi. Kama uliwahi kupoteza mbwa kwa ugonjwa huo uani kwako mwaka huu, usilete mtoto mwingine wa mbwa. Lete mzima aliyekwisha chanjwa.

Mtandaoni, hatari kubwa ni amana. Muuzaji hutuma picha nzuri na kukuhimiza utume kidogo kwa M-Pesa ili akuwekee. Usitume chochote kabla ya kumshika mbwa kwa mikono yako.

Makao: ubora na udhaifu wake

KSPCA, shirika la kutetea wanyama Kenya, lina makao Nairobi, Mombasa na Naivasha. Mbwa wengi walioko kwenye makao ni wa kienyeji na chotara, wa kimo cha kati, wenye manyoya mafupi yasiyo na kazi nyingi.

Ubora mkubwa kwa mwenye haraka ni umri. Mtoto wa mbwa hatakulinda mpaka akaribie mwaka. Kwa miezi hiyo yote wewe ndiye unayemlinda. Mbwa mzima anaanza kubweka mara tu anapozoea boma, na unaona tangu mwanzo ukubwa wake na anavyowapokea watoto.

Udhaifu upo pia. Historia ya mbwa mara nyingi haijulikani. Wengine waliwahi kupigwa na wanaogopa wanaume au fimbo. Chaguo ni dogo: ukitaka ukoo fulani huenda usiupate. Makao yanaweza kutaka kuja kukagua ua na lango lako, na hayatampa mbwa mtu anayepanga kumfunga mnyororo mchana kutwa. Usichukie ukaguzi huo, kwani mbwa anayetoroka kupitia ua mbovu ni hasara kwako na hatari kwa majirani.

Kabla ya kusaini uliza mambo matatu: mchango unajumuisha nini hasa, chanjo inayofuata ni lini, na asipopatana na familia, atapokelewa tena? Nenda na watoto, mtembezeni kwa nusu saa, na kama mna mbwa mwingine, wakutanisheni hapohapo.

Gharama ambazo hakuna anayekutajia

Kama umepanga, soma mkataba wa nyumba kabla ya yote. Mbwa wengi hurudishwa au kutupwa kwa sababu mwenye nyumba alikataa. Nairobi ina sheria ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa, na leseni ni sehemu yake. Ulizia ada kwenye ofisi za kaunti.

Tenga pesa za dawa ya kupe na viroboto kila mwezi, kwa sababu homa za kupe ni za kawaida kwetu na matibabu yake hayana bei ndogo. Panga pia nani atamlisha mtakapokwenda mashambani Desemba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiruke hata mwaka ukiwa mgumu. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na mbwa ndio wanaohusika na hadi asilimia 99 ya visa vya watu. Kampeni za chanjo za serikali mara nyingi huwa bure. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti yako.

Uamuzi

Chini ya shilingi 10,000 mkononi: nenda makao, chukua mzima. Jirani anakupa bure: kubali ikiwa umeshatenga pesa za daktari, la sivyo unajipa deni. Zaidi ya 45,000, na unahitaji mbwa wa ukoo maalumu: nenda kwa mfugaji, mwone mama, pata hati, na mwandikiane kwamba daktari wako atampima ndani ya siku tatu na pesa zitarudishwa akikutwa mgonjwa. Mfugaji akikataa kuandika hivyo, usinunue kwake.