Sifongo: Mnyama Apandwaye Kama Mgomba

Wasikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, ninyi mkaao mbali na bahari, dodoki mnalijua: ni tunda la mmea utambaao, nalo likikauka huondolewa ganda na mbegu, zikabaki nyuzi za kujisugulia. Leo nataka kuwaeleza habari za sifongo wa pwani, afanyaye kazi iyo hiyo, ingawa si wa ukoo mmoja na dodoki.

Wengi hudhani sifongo ni mmea, maana hushika mwamba asiondoke, wala hana kichwa wala miguu. Kumbe ni mnyama. Mwili wake umejaa matundu. Maji huingia kwa yaliyo madogo na kutoka kwa yaliyo makubwa, naye hula vijidudu vilivyomo. Akiisha kuvuliwa, nyama yake huondolewa kwa kuozeshwa na kuoshwa, zikabaki nyuzi laini zinywazo maji mengi. Hizo ndizo watu watumiazo kwa kuogea, na mafundi wa vyungu na wa rangi kwa kazi zao.

Zamani Wayunani wa kisiwa cha Kalymnos walimzamia baharini, na wengi walikufa ama kupooza. Tena katika miaka ya 1938 na 1939 maradhi yaliua sifongo wengi mno katika visiwa vya Bahamas, wavuvi wakakosa riziki. Basi haifai kutegemea kuvua tu bila kupanda.

Huko Jambiani, Unguja, wanawake walilima mwani tangu miaka ya 1980 kwisha. Bahari ilipozidi joto, mwani ukawa ukiharibika. Mwaka 2009 shirika la Marine Cultures lilianza huko kazi ya kupanda sifongo. Kipande hukatwa kwa sifongo mzima, hutungwa kambani, na kamba hutandazwa majini. Hakihitaji chakula wala mbolea. Kazi kubwa ni kukisafisha, viumbe vingine visikisonge, mpaka kikue.

Mwenye kibanja ataelewa upesi. Mgomba haupandwi kwa mbegu, bali kwa chipukizi litolewalo shinani, na shina huachwa lizae tena. Na sifongo ndivyo alivyo: akatwaye kwa kiasi huota upya, bali ang'olewaye pia na shina lake hana mrithi. Mkulima wa migomba na mkulima wa baharini, wote wawili hula leo pasipo kuila kesho yao.