Usingoje masika ndipo ukumbuke paa

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii watoto wetu huitungia insha shuleni kila muhula. Lakini ni wangapi kati yetu, sisi wazazi, tunaoizingatia katika nyumba tunamoishi?

Mimi nilikuwa miongoni mwa wapuuzaji. Usiku mmoja wa Aprili 2024, tukiwa tumelala fofofo, tulishtushwa na kishindo. Kipande cha dari kilikuwa kimeangukia meza ya kusomea ya kifungua mimba wetu. Kabla hatujawasha taa, maji yalikuwa yamekwisha kulowesha madaftari yake na, la kusikitisha zaidi, bahasha iliyokuwa na vyeti vyake vya shule.

Kulipopambazuka tulimwita fundi. Alipanda juu na kushuka na karai tele la majani na maua ya mjakaranda yaliyooza. Mabati, alisema, hayakuwa na kosa. Gata ndiyo iliyoziba. Maji yalikosa njia, yakarudi nyuma chini ya mabati na kujikusanya juu ya dari hadi ikalemewa. Kazi ya saa moja niliyoiahirisha tangu Januari ilinigharimu dari nzima.

Naam, si kila janga twaweza kulizuia. Mafuriko ya mwaka huo yaliua zaidi ya watu 200 nchini na kuchelewesha ufunguzi wa shule. Mto ukivunja kingo zake, gata safi haisaidii kitu. Hata hivyo, yaliyo karibu nasi tuna wajibu nayo.

Anza juu, shuka chini

Jijini Nairobi, masika huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Wakati bora wa kukagua nyumba basi ni Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba, jua likiwaka. Palipo na mijakaranda, chungulia gata tena baada ya miti kupukutisha maua.

Anza na paa. Ondoa takataka kwenye gata, kisha mwaga ndoo ya maji upande mmoja utazame kama yanatoka upande wa pili. Kagua misumari ya mabati: ile iliyolegea au ambayo mpira wake umekauka ndiyo huvujisha. Penye kutu, sugua kwa brashi ya waya na upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida.

Tahadhari! Nyumba nyingi za zamani zimeezekwa kwa asbesto. Usiisugue, usiitoboe wala usiivunje, kwani vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Mwachie mtaalamu.

Ngazi nayo ina kanuni yake. Ukipanda mita 4, guu la ngazi liwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike chini. Usiitumie ngazi ya chuma karibu na nyaya za umeme, wala usimtume mtoto juu kwa kuwa ni mwepesi.

Kuta na mitaro

Ukiona ufa, uwekee alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukikaa miezi bila kupita alama, uzibe na upake rangi. Ukiendelea kurefuka au kupanuka, muite fundi aangalie msingi. Unapokwangua rangi ya zamani, ilowanishe kwanza na uwaweke watoto mbali. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Usirundike udongo ukutani. Ardhi na iteremke kutoka kwenye nyumba. Zoa mtaro, na uchafu usiuache kando yake, la sivyo mvua ya kwanza itaurudisha humo humo.

Kopo, gurudumu kuukuu na sahani ya chungu cha maua visisahaulike. Kwa muda wa wiki moja hadi mbili tu, yai la mbu huwa mbu kamili. Mbu anayeeneza dengue na chikungunya, maradhi yaliyowasumbua wakazi wa Mombasa mnamo 2017 na 2018, hupenda maji yaliyotuama katika vyombo kama hivyo.

Faida nayo ipo. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita mraba 40 ni lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20. Hata kiasi kikipotea, kwa mtaa unaopata maji kwa zamu hiyo ni neema. Maji ya mwanzo yaachilie yaende, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi nalo lifunikwe.

Mpangaji je?

Utasema nyumba si yako. Kweli, paa na kuta aghalabu ni jukumu la mwenye nyumba. Mwandikie barua mapema, ubaki na nakala. Ukitaka kutengeneza mwenyewe ili gharama zikatwe kwenye kodi, pateni mapatano kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi. Mtaro wa ploti nao ni wa wote; Jumamosi moja ya majirani na majembe yatosha.

Kwetu, kazi hii sasa ina siku yake: Jumamosi ya kwanza ya Februari na ya Septemba. Mama watoto hushika ngazi, mimi hupanda, na kifungua mimba wetu hupokea karai. Vyeti vyake vilikauka, ingawa wino umetapakaa. Sasa vimo ndani ya mfuko wa plastiki, katika sanduku la bati, na hakuna haja ya kumkumbusha mtu yeyote sababu yake.

Jumapili ya leo, msomaji, kabla hujaketi kwa chakula cha mchana, toka nje uinue macho utazame paa lako.